Bei kwa Kilo: Hesabu Inayoanzia kwenye Kipimo

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji ya Tanzania, hutangaza bei kikomo za mafuta, na kabla ya saa nne asubuhi dereva wa bodaboda wa Kahama ameshajua lita ya petroli inauzwaje. Kenya nako EPRA, mdhibiti wa nishati na petroli, hutangaza zake katikati ya mwezi. Bei inasimama kwenye bango la kituo, kwa lita, kila mtu anaiona. Dereva akisema "weka ya elfu tano", mita ya pampu, iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, inamhesabia kwa bei ile ile anayolipa mwenye gari kubwa anayejaza tangi zima. Mnunuzi mdogo hapandishiwi bei ya lita kwa sababu ya udogo wa fedha aliyoshika.

Jioni dereva huyo huyo anapita kwa mangi, mwenye duka la mtaani, kuchukua mafuta ya kupikia, na hapo mambo yanageuka. Tuseme dumu la lita 5 ni Sh27,000, chupa ya lita 1 ni Sh6,000, na mafuta ya kupimiwa ni Sh500 kwa kipimo kidogo cha mililita 70. Hakuna palipoandikwa kwamba lita ya dumu ni Sh5,400 na lita ya kupimiwa inazidi Sh7,100. Mafuta ni yale yale, pengine yametoka kwenye dumu lililo nyuma ya kaunta. Nyumba inayotumia lita 3 kwa mwezi kwa kupimiwa inatoa zaidi ya Sh5,000 za ziada kila mwezi. Kwa mwaka hizo ni Sh60,000 na ushee: bei ya madumu mawili, na chenji inabaki.

Hesabu yenyewe, kugawa bei kwa kiasi, mwanafunzi wa shule ya msingi anaiweza. Ndiyo maana ushauri mwingi wa kubana matumizi hukomea hapo: fungua kikokotoo cha simu, linganisha, nunua kikubwa. Naona ushauri huo unaruka mambo mawili mazito. Huwezi kugawa bei kwa kiasi usichokijua, na sehemu kubwa ya chakula chetu huuzwa kwa vipimo ambavyo hata muuzaji hana hakika navyo. Kisha, hata kiasi kikijulikana, kinachotakiwa kuigawa bei ni kile utakachokitumia kweli, na mara nyingi hicho ni pungufu ya ulichonunua.

Nchi zilizotangulia kulitungia sheria suala la kuonyesha bei kwa kipimo zilianzia kwenye rafu za supamaketi. Mwaka 1966 mwanasaikolojia wa Michigan, Monroe Friedman, alichapisha matokeo ya jaribio alilofanya na wanawake 33 walioolewa. Aliwataka wachague pakiti yenye unafuu zaidi katika kila moja ya bidhaa 20. Asilimia 43 ya chaguo zao zilikuwa za makosa. Walijua wanapimwa, kazi yao ilikuwa moja tu, na bado pakiti za ukubwa tofauti ziliwashinda. Miaka minne baadaye Esther Peterson, aliyekuwa mshauri wa Rais Lyndon Johnson kuhusu masuala ya walaji, alijiunga na maduka ya Giant Food, ambayo yakaanza kuonyesha kwenye rafu bei ya kila kipimo pembeni ya bei ya pakiti. Massachusetts ikawa miongoni mwa majimbo ya mwanzo kuifanya lebo hiyo kuwa lazima. Umoja wa Ulaya uliiweka katika maelekezo yake namba 98/6/EC ya mwaka 1998, na Australia ikawabana wenye maduka makubwa ya vyakula kuanzia Desemba 2009. Marekani yenyewe hadi leo haina sheria moja ya nchi nzima. Kila jimbo na utaratibu wake.

Uzoefu wa huko una funzo moja la kushika. Lebo peke yake haitoshi ikiwa bidhaa moja imeandikwa bei kwa gramu 100 na jirani yake bei kwa kilo, au namba yenyewe ni ndogo kiasi cha kuhitaji miwani. Mnunuzi anarudi pale pale alipokuwa, kwenye hesabu za kichwani katikati ya msongamano. Mwongozo wa kimataifa wa ISO 21041, uliotoka 2018, umeandikwa kwa sababu ya matatizo ya aina hiyo.

Lebo ina kazi nyingine ambayo kwangu ni kubwa kuliko kulinganisha pakiti kubwa na ndogo. Inamfichua mtengenezaji anayepunguza kiasi na kuacha bei ilivyo. Mkate unaweza kupoteza gramu kadhaa, mche wa sabuni ukapungua unene, pakiti ya maziwa ikatoka nusu lita ikawa mililita 450, na rangi na picha zikabaki zile zile. Pakiti ya nusu lita iliyouzwa Sh1,500 ilikuwa Sh3,000 kwa lita. Ikishuka hadi mililita 450 kwa Sh1,500 ile ile, lita imefika Sh3,333, ongezeko la asilimia 11 ambalo hakuna aliyelitangaza. Ufaransa imeenda mbali zaidi: tangu Julai 1, 2024 maduka makubwa hulazimika kubandika tangazo kwenye rafu kwa miezi miwili kila bidhaa inapopunguzwa kiasi na bei ya kipimo chake ikapanda.

Katika hili, fungu la nyanya la sokoni kwetu lina uaminifu ambao pakiti haina. Fungu ni la mia tano au la elfu moja mwaka mzima. Kinachobadilika ni idadi: nyanya zikijaa sokoni utapata saba, zikiadimika utapata nne, na zote zimekaa mbele yako kwenye gunia lililotandikwa chini. Mama anayeuza hafichi kwamba zimepanda. Anasema "zimepanda, mwanangu", unahesabu kwa macho, unaamua. Bei kwa kilo haijaandikwa, lakini mwelekeo wake unaonekana na mtu yeyote.

Balaa liko kwenye vipimo vinavyofanana na vipimo halali. Chukua sado, ile ndoo ndogo ya plastiki inayotawala masoko ya Dar es Salaam. Ina ujazo wake, lakini ujazo unaotoka nao sokoni unategemea mkono wa anayepima. Nyanya zikipangwa kwa kusimamishwa pembezoni huacha uwazi katikati, na kubwa tatu za juu huziba uwazi huo usionekane. Maharage yakifutwa kwa kiganja ni kipimo kimoja, yakiachwa na kilemba ni kingine. Kuna sado zilizobonyezwa kitako kwa moto, na ukiitazama kwa juu huoni kitu. Wauzaji wawili waliokaa bega kwa bega, mmoja anauza sado kwa Sh6,000 na mwingine Sh5,500, hawawezi kulinganishwa kwa bei zao mpaka uone mikono yao ikifanya kazi. Kenya wana gorogoro, bati la takriban kilo mbili, na manung'uniko yake ni hayo hayo.

Mkulima hudhulumiwa kwa upande wa pili. Lumbesa, gunia lililoshonewa nyongeza mdomoni mpaka likawa na kichwa, humlazimu auze kilo 120 au zaidi kwa bei ya gunia. Sheria ya Vipimo ya Tanzania inakataza, na kikomo cha gunia la mazao ni kilo 100. Kenya iliweka kilo 50 kuwa kikomo cha gunia la viazi katika kanuni za 2019. Bado lumbesa haijaisha, na sababu yake kubwa ni kwamba biashara inafungwa kwa gunia. Pale mzani unapoingia na bei ikatamkwa kwa kilo, ile nyongeza haina tena pa kujificha. Kwa hiyo bei kwa kilo haimlindi mlaji wa mjini peke yake. Inamlinda pia aliyelima Njombe au Nyandarua, na kwa hoja hii pekee ningeipigania.

Mkaa ni mgumu zaidi. Anayenunua kwa kopo analipa zaidi kuliko anayenunua gunia, kila mtu analijua hilo. Lakini gunia la mkaa halina uzito maalumu. Mkaa wa mti mgumu ni mzito na unakaa jikoni. Wa mwembe ni mwepesi na unaisha maharage hayajaiva. Ukisema upimwe kwa kilo, mwenye hila ataumwagia maji, nawe ukanunua maji. Hapa mpishi mzoefu hugonga vipande viwili asikilize mlio kabla ya kutoa hela, na simlaumu.

Gesi ina nafasi ya kuwa mfano mzuri, kwa sababu kila kitu cha kufanyia hesabu kipo. Mtungi wa kilo 6 na wa kilo 15 una uzito wa mtungi mtupu ulioandikwa juu yake. Uweke kwenye mzani, toa uzito mtupu, kinachobaki ni gesi. Ukilipa Sh25,000 kwa mtungi wa kilo 6, kilo ni Sh4,167. Ukipima ukakuta kilo 5.4, umeuziwa kilo kwa Sh4,630. Muuzaji anatakiwa awe na mzani na akupimie. Wengi wetu huondoka na mtungi begani bila kuuliza, kisha tunashangaa mwezi huu gesi "imewahi kuisha".

Sasa lile jambo la pili, la kiasi kinachotumika. Kwa muda mrefu wanaoandika juu ya umaskini walieleza ughali wa vidogo kwa sababu moja: hela haitoshi. David Caplovitz aliandika mwaka 1963 jinsi maskini wa New York walivyouziwa ghali kuliko wenye nacho, na wengi baada yake walifuata njia hiyo. Ni kweli kwamba mtu mwenye Sh3,000 mkononi hawezi kununua dumu la Sh27,000. Lakini wachumi watatu, Brian Dillon, Joachim De Weerdt na Ted O'Donoghue, waliichunguza Tanzania kwa karibu zaidi. Walitumia madaftari ya manunuzi ya wiki mbili ya kaya 1,493, jumla ya manunuzi 48,501. Waliona kwamba kaya ya wastani ingeweza kupunguza matumizi yake ya vitu visivyooza kwa asilimia 8.7 bila kupunguza kiasi inachonunua, kwa kukusanya tu manunuzi madogo kuwa makubwa kidogo. Hawazungumzii gunia. Wanazungumzia mtu anayenunua sukari ya robo leo, robo keshokutwa, robo tena Ijumaa, wakati fedha za nusu kilo alikuwa nazo siku ya kwanza.

Kwa nini basi? Walipima maelezo kadhaa, na yaliyobaki na nguvu yalikuwa mawili: hofu kwamba kilichojaa kabatini kitaliwa haraka, na kukwepa kuombwa na ndugu na majirani. Aliyewahi kuendesha nyumba hahitaji kushawishiwa. Sukari ya kilo ikiwepo, chai ya saa kumi inarudi, watoto wanakoroga uji wao wenyewe, na mgeni anawekewa vijiko vitatu. Mafuta ya dumu humiminwa kwa mkono mwepesi. Ya kipimo hutiwa kwa kijiko. Jirani akibisha hodi kuomba unga, mwenye nusu kilo anaweza kusema kwa haki kwamba ni wa usiku huu. Mwenye kiroba cha kilo 25 hana la kusema, na akisema ataonekana mchoyo mtaa mzima.

Rudi kwenye mafuta yetu. Kama dumu la lita 5 linafanya nyumba itumie lita 4 kwa mwezi badala ya 3, gharama ya mwezi ni Sh21,600. Lita 3 za kupimiwa ni kama Sh21,400. Unafuu wote umeyeyuka, na pengine afya nayo haikufaidika. Mama anayetuma mtoto dukani kila jioni anaweza kuwa anajua anachofanya: analipa ile tofauti ili mangi amtunzie akiba yake mbali na vijiko vya nyumbani. Ndiyo maana nachukia ile lugha ya kumwambia maskini hajui hesabu. Hesabu yake ina namba moja zaidi ya yetu.

Hata hivyo sitaki kulifanya hilo kuwa udhuru wa kila kitu. Asilimia 8.7 ni nyingi kwa nyumba inayohangaikia ada. Na kuna bidhaa ambazo hofu ya kutumia haraka haizigusi: chumvi, sabuni ya kufulia, viberiti, majani ya chai. Hakuna anayefua mara mbili kwa sababu sabuni ipo, na hakuna jirani anayekuja kukopa kilo ya chumvi. Ningeanzia hapo. Nyanya, kwa upande mwingine, hata tenga likiwa nusu ya bei ya mafungu, zikioza theluthi moja umepoteza sehemu kubwa ya ulichokifuata.

Bando la intaneti linafuata kanuni hiyo hiyo, ingawa si chakula. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilipoweka bei elekezi iliiweka kwa MB moja, kati ya Sh2.03 na Sh9.35, na hilo ni jambo la kupongezwa, maana mitandao hupenda kuuza kwa majina na siku. Lakini MB zina tarehe ya kufa. Bando la wiki lenye GB 4 kwa Sh8,000 ni Sh2 hivi kwa MB. Ukitumia GB moja na nusu tu kabla halijaisha muda, umelipa zaidi ya Sh5 kwa kila MB iliyokufaa, na bando dogo zaidi lingekutosha.

Umeme una mkondo wa kinyume. Kwa bei zilizoanza 2016, mteja wa matumizi madogo wa TANESCO hulipa Sh100 kwa yuniti hadi yuniti 75 kwa mwezi, na zinazozidi hapo ni Sh350. Huko mdogo ndiye anayelindwa, kwa makusudi ya sera. Maji ya dumu hayana huruma hiyo. Yuniti ya bomba ni lita 1,000, sawa na madumu 50 ya lita 20. Dumu likiuzwa Sh200, yuniti hiyo imefika Sh10,000, mara kadhaa ya anayolipa mwenye mita, na anayelipa ni yule ambaye bomba halijamfikia.

Zipo pia bidhaa ambazo kilo inadanganya hata ikiwa sahihi. Unga wa sabuni wa bei ndogo kwa kilo unaweza kuhitaji kopo zima pale ambapo mwingine unahitaji vijiko viwili. Mafuta yaliyoandikwa kilo 1 na yaliyoandikwa lita 1 hayalingani: lita ya mafuta ya kupikia ina uzito wa gramu 920 hivi, kwa hiyo chupa ya kilo ndiyo yenye mafuta mengi. Kikubwa nacho si lazima kiwe na unafuu. Pitia rafu kwa uangalifu utakuta pakiti mbili za gramu 500 zikiwa nafuu kuliko ya kilo moja, hasa kidogo kikiwa kwenye punguzo.

Kwa mnunuzi wa supamaketi, njia ya haraka ni kuzidisha kuliko kugawa. Gramu 250 zidisha kwa nne, 200 kwa tano, 400 kwa mbili na nusu. Mililita 750 gawa kwa tatu kisha zidisha kwa nne. Zinazosumbua ni 380, 450, 900, na huko ndiko simu inakohitajika. Lakini si haki kumwachia mnunuzi kazi hiyo milele. Maduka makubwa ya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala yana kompyuta zinazochapa lebo za bei, na uzito wa pakiti umeshaandikwa na mtengenezaji. Kuongeza mstari mmoja wa bei kwa kilo au kwa lita ni kazi ya programu. Wizara za biashara zingeanza na hao, kwa kanuni inayotaja kipimo kimoja kwa kila aina ya bidhaa na ukubwa wa herufi.

Mangi yuko kundi jingine. Anayefungua kiroba na kukipima robo robo anafanya kazi: anavumilia kinachomwagika, anakopesha mpaka mwisho wa mwezi, anafungua duka saa kumi na mbili asubuhi. Kumtaka auze robo kwa bei ya kiroba ni kumtaka afunge. Kinachostahili kudaiwa kwake ni mzani uliohakikiwa na ubao wenye bei kwa kilo, ili mteja ajue huduma hiyo inamgharimu kiasi gani na aamue mwenyewe.

Wapo waliokwishapata njia ya kuchukua bei ya gunia bila kulaza gunia ndani. Kabla ya Ramadhani, au kuelekea sikukuu za Desemba, familia kumi za mtaa mmoja huchanga na kumtuma mtu mmoja akachukue mchele sokoni. Tuseme gunia linaloitwa la kilo 100 ni Sh230,000 na usafiri Sh5,000, wakati kwa mangi kilo ni Sh2,800. Likifika hugawanywa siku hiyo hiyo kwa mzani, wote wakiangalia. Likitoa kilo 97 badala ya 100, kila familia inachukua kilo 9.7, na kilo imesimama kwenye Sh2,423. Katika nyumba yoyote ya hizo kumi hakuna mzigo mkubwa wa kulinda, na jirani wa kuja kuomba naye ana fungu lake.